Ngozi Kwanza

Mama mwenye nyumba aliposikia nazamia
aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sauzi au Ugiriki?"
Nikamwambia siizamii meli, mama, nazama chini yake,
chini ya pantoni pale Magogoni, nakwangua chaza,
jioni narudi kunywa chai.
Hakuamini. Wiki ile ya kwanza hata mimi sikuamini sana.

Duka lilikuwa ghorofani, nyuma ya wauza pampu.
Alnoor hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Alisema: ibandike miwani usoni bila mkanda,
vuta hewa kwa pua, kidogo, kama unayenusa mchuzi wa jirani,
kisha achia mikono.
Ikikaa, yako. Ikianguka, ya mwenzio.

Ya kwanza ikaanguka.
Ya pili ikaanguka, akaidaka bila kuitazama.
Ya tatu ikasita, kama mchumba aliyekuja bila mahari,
ikaanguka.
Zote zilikatwa kwa pua nyembamba zilizosimama,
na yangu nimeirithi kwa shangazi Mwahija:
pana, imetulia, haijamwomba mtu radhi.

Ya nne ikakaa.
Nikazunguka duka zima mikono nyuma,
nikiinama, nikiinuka, hakuna kamba iliyonishika.
Nilitaka kulia, nikajizuia. Ingejaa.

Kofia niliipata Mchikichini, mtumba, katikati ya masweta,
mpira mweusi wa milimita tano,
ndani jina la mtu limefutika, imebaki K.
Si kwa baridi; maji yetu ni uji uliopoa.
Ni kwa konyeza, ambaye hakukonyezi kwanza,
na kwa chaza, wanaonyoa kichwa kama kinyozi mwenye hasira.

Mahimbo, mkuu wetu wa kazi, alinitazama nikihangaika:
masikio yamekunjika, mashavu yameumuka kama maandazi,
na rasta alizonisuka Sikudhani kwa saa tano
zimeinua kisogo kikawa kibanda.
"Fumua," akasema.
Sikufumua.

Mita nne chini, maji yakaingia.
Yakaanzia kwenye kope, yakashuka puani, chumvi na dizeli.
Nikapuliza, yakatoka. Nikavuta pumzi, yakarudi
kama mgeni aliyesahau simu.
Nilipanda juu mara sita. Mahimbo alihesabu kwa vidole.

Usiku umeme ulikatika, nikafumua kwa tochi,
rasta moja, rasta moja, hadi mikono ikafa ganzi.
Nikajaza beseni, nikavaa vyote, nikainamisha uso.

Ikavuja.

Baada ya yote hayo. Ikavuja.

Asubuhi Sikudhani alikuja kudai elfu kumi yake iliyobaki,
akakuta kazi yake yote sakafuni. Hakusema kitu.
Akanikalisha kwenye ndoo kama mteja, "vaa nione,"
akapitisha kidole kwenye paji langu, pale anapoanzia kusuka,
taratibu, akishuka shavuni,
akasimama.
"Kofia yako imeingia chini ya miwani, shoga.
Kama shuka lililobanwa na mlango. Mlango utafungaje?"
Akauchomoa ukingo, akaulaza juu.
Ngozi kwanza. Halafu silikoni. Halafu mpira.
Elfu kumi akachukua. Na nauli.

Fundi viatu Kondo akaikaza kisogoni mishono minane,
akachoma utosini tundu la sindano ya moto
ili hewa inayopotea ipate pa kutokea.
Akauliza ni ya mchezo gani. Nikasema wa pantoni.

Leo niko chini, pakavu.
Juu yangu tumbo la chuma, na nyayo za watu wa Kigamboni
zinasikika kama mvua ya mbali.
Mahimbo anakuja na tochi, nageuka nimwonyeshe uso wangu,
na ndani ya miwani yake, chini ya masharubu yale,
maji yamefika nusu ya pua,
yanacheza huku na huku, na yeye ametulia tuli,
sijui ni miaka mingapi hivyo.

Nikacheka.
Mashavu yakajikunja, maji yakaingia.
Haya. Hayo nimeyaita mwenyewe.