Kushoto, Kulia

Asubuhi hiyo bomba letu la Kadutu lilikohoa hewa tupu,
na Mama Aganze akanipa mtoto wake
kama anayetua mzigo mezani:
"Nishikie, nashuka chemchemi."
Hakuuliza kama najua.

Nikasimama mlangoni, uzi ungali mdomoni,
na kabla sijafikiri lolote
nyonga ikaenda kushoto,
ikarudi kulia,
kushoto,
kulia.

Nani aliituma?

Mwaka wa tisa huu nawaambia watu: sina hamu.
Mama mkwe alinikunjia mbeleko kwenye sanduku la harusi;
nimeikata vifuko vya vifungo.
Shangazi za Bisimwa huja Jumapili
wakasalimu tumbo langu kwanza, uso baadaye.
Huniita Nabintu, Nabintu tu,
kama nyumba isiyoezekwa.
Damu huita, wanasema.
Nasema mnaoita ni nyinyi,
tangu ubatizo mnaita, mnaita,
hadi mtu adhani sauti inatoka ndani yake.

Lakini huyu, kilo sita za joto,
ameshika kola yangu kwa ngumi,
utosi wake unanuka maziwa na moshi wa makala,
na kitu kifuani kinateleza
kama kilima cha Nyamugo siku ya tatu ya mvua,
kabla kuta hazijapata habari.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na miaka sita,
mama yuko Nyawera anauza sambaza,
Murhula mgongoni mwangu tangu alfajiri, analia.
Nilimfinya. Akalia zaidi.
Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia,
akanyamaza,
na jioni nikapewa ndizi mbili.
Basi! Nyonga hii ilifundwa.
Ilifundwa kwa ndizi.
Nikacheka peke yangu mlangoni.

Ila Murhula, mwenye miezi minne,
nani alimfundisha kunyamaza?

Mama Aganze akarudi na bidoni mbili, magoti yamelowa.
"Amekusumbua?"
"Hata."
Nikamrudisha. Kola ikabaki na mkunjo.

Sare thelathini za shule zinaningoja, za buluu.
Nimekaa. Nimetunga uzi.
Sitaki mtoto; nalisema kwa sauti,
cherehani kimya, mguu haujagusa pedali,
na kiti chini yangu kinalia
kwii,
kwii.