Kielelezo Namba Tatu

Walikuja Kibuye na picha moja iliyofifia,
wakauliza nani hapa bado anashona kwa mguu.
Wakaelekezwa kwangu, kibanda cha nne baada ya wauza nyavu.
Filamu, wakasema, ya mwaka wa arobaini na saba,
kisa cha kweli: meneja wa kinu cha pamba, Kibos,
aliyekutwa chali kati ya marobota,
na mlinzi wake wa usiku, aliyenyongwa.
Walitaka mashati saba ya marekani, yafanane kama mapacha.
Kwa nini saba?
Moja la kuvaa, moja la mvua, matano ya damu.
Damu, wakacheka, haitokei vizuri mara ya kwanza.

Sikuwaambia.
Mtu akikuletea kazi humwambii
kwamba maiti unayemshonea ni wa kwenu.
Zablon Owaga, kaka yake nyanya yangu Yuniya.
Vipimo nilivijua kabla hawajavitaja:
bega la kushoto limeshuka kwa kubeba,
kifungo cha tatu hakipo.
Picha yao haikionyeshi. Pale kifungo kilipokosa
ndipo pingu zilipokaa.

Yuniya alilisema hili akichambua omena, bila kuinua uso:
Lile doa lilikuwa la mgomba.
Aliniangushia mkungu asubuhi ile,
utomvu ukamchuruzikia kifuani.
Nikalisugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mche.
Utomvu wa mgomba, mjukuu wangu, hausamehi nguo.
Kule mahakamani shati likapita mkono kwa mkono
kama sahani ya sadaka.
Mkalimani alikuwa mtu wa mbali.
Doa akalitafsiri, mgomba akauruka.
Jaji akatazama saa.

Siku ya kwanza ya kupiga picha walimwaga sharubati,
sukari na rangi ya keki, nyekundu kama bendera.
Nzi wa Kibos wote wakaja kushuhudia.
Mwongozaji, kijana mpole mwenye kofia ya sufi juani,
akauliza, Mama, unaona sawa?
Nikasema naona.

Usiku ule, Nyamasaria, nikachukua panga,
nikaukata mgomba wangu mmoja uliokuwa haujazaa,
nikalikandamiza shati la sita pale ulipokuwa ukilia.
Siku tatu likashinda kwenye kamba.
Doa likaja polepole, la kahawia,
kisha likawa na ukingo, kama ramani ya nchi ndogo.

Nikalipeleka kwa onyesho la mahakama.
Nilitaka waone. Hasira yangu niliibeba
imekunjwa, imepigwa pasi.
Fundi wa damu, Shikuku,
akalishika kwa ncha za vidole, akalinusa, akaligeuza juani.
Nani kapika hii?
Kavu, ya zamani, imeanza kuwa nyeusi pembeni.
Miaka kumi na miwili niko na kazi hii, mama.
Hii sasa ndiyo damu.

Nikakaa juu ya debe.
Mdomo ulikuwa na neno moja tu, mgomba, halikutoka.
Nikaiona ile benchi, joto la Machi,
wazee wa baraza wakisikia harufu ya chakula cha mchana,
na shati likipita.
Mimi mwenyewe, ningelipokea nikaliangalia,
ningesema nini?

Walirudia mara nne.
Yule mwigizaji, mtoto wa Ahero,
aliposimama kizimbani bega la kushoto likashuka lenyewe.
Hakuna aliyemfundisha. Nilimwuliza. Akasema ni uchovu.

Wakanilipa, wakakata bei ya vifungo vya mfupa
kwa sababu nilirudisha kimoja kimoja, saba.
Shati la sita wakaenda nalo.
La saba halikuhitajika, liko hapa kwenye msumari,
jeupe, kifua wazi pale pa tatu.
Juzi mteja aliniuliza bei.
Nikamwambia lina mwenyewe,
amechelewa tu kulichukua.