Mbuzi Ya, Mbuzi Wa

Tulisahihisha Jumamosi, walimu sita,
ukumbi wa shule ya Tononoka,
feni moja yazunguka, moja imekufa,
chai imeshafanya utando.
Majina yalifunikwa kwa karatasi ya kahawia
ili haki ionekane.

Darasa la Vipawa: nafasi thelathini.
Watoto mia tisa na kitu.
Kitabu cha majibu kilikuja kimefungwa uzi:
msiongeze, msipunguze.

Swali la kumi na nne.
Kipi si cha kundi hili?
Kisu. Uma. Kijiko. Mbuzi.

Jibu, mbuzi. Yu hai, ana ndevu, hula majani.
Nikawa natia tiki kama mtu apetaye mchele,
tiki, tiki,
hadi nambari mia tatu na saba,
aliyezungushia uma
na kuandika pembeni, kwa penseli iliyochongwa kwa meno:
"Kisu, kijiko na mbuzi viko jikoni kwetu.
Mamangu huikalia mbuzi akakuna nazi.
Uma hatuna."

Nikaweka kalamu chini.
Mimi nimekulia Kuze.
Nimeikalia mbuzi hiyo, kovu lake li kidoleni hapa,
na karatasi zote zile zilizotangulia
sikumwona ila mnyama.

Nikampelekea Bwana Shekue, mkuu wa meza.
Akasoma mara mbili, akacheka, si kwa ubaya.
"Huyu ana akili."
"Basi nimpe?"
"Kitabu chasema mbuzi."
"Kitabu chasema mbuzi wa. Huyu asema mbuzi ya."
"Mwalimu, ukimfungulia mmoja dirisha,
wale mia tisa waliosimama mlangoni utawaambia nini?"

Neno lake lilikuwa na haki ndani yake.
Ndilo lililoniuma.
Nikatia mkasi.

Sabini na tisa.
Mwisho wa kuingia, themanini.

Jumatatu tukabandua karatasi za kahawia.
Mia tatu na saba: Mbodze Karisa, wa Mtongwe,
darasa lao watoto tisini na mwalimu mmoja;
alivuka feri kabla ya adhana ya alfajiri
asije akachelewa.
Na wa thelathini, kwa themanini kamili:
Zuhera Athmani.
Mwanangu.

Sikuiba. Wallahi sikuiba.
Karatasi yake hata haikupita mkononi mwangu.
Ila miezi minane, kila baada ya isha,
nilimkalisha mezani na mitihani ya miaka iliyopita,
niliyoinunua kwa mama mmoja wa Nyali,
shilingi mia mbili kila nakala:
maumbo yanayogeuka, namba zinazoruka,
kipi si cha kundi hili.
Mama Mbodze angeijulia wapi Nyali hiyo?
Tangazo lenyewe lilibandikwa siku tatu,
ndani ya afisi, nyuma ya mlango.

Barua kwa wakubwa nimeianza mara nne.
Kila nikifika "mwanangu" wino unakauka.

Jana nimeinama chini ya kabati,
nikaitoa mbuzi ya marehemu mama.
Siku hizi tui letu ni la pakiti.
Meno yameshika kutu, mguu mmoja walegea.
Nikaiweka katikati ya jiko, nikaifuta vumbi.

Zuhera akaja na kitabu chake kipya,
beji ya Vipawa kifuani,
akaizunguka, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Mama," akauliza, "hiki ni nini?"