Kufumba Macho

Alhamisi ya kwanza nilipanda kilima na Biblia kwapani,
viatu mkononi, maana mvua ya usiku
ilikuwa imeigeuza njia ya Kadutu kuwa uji wa mtama.
"Nimetumwa na akina mama wa parokia," nikasema,
"nije kuombea wagonjwa."
Muuguzi Nankafu hakuinua kichwa.
Mkono mmoja umeshika mguu wa mtu,
wa pili unanionyesha dirisha:
"Kitabu kiweke pale. Hapa kuna kazi ya mikono miwili.
Na ukiomba, omba macho wazi.
Ukifumba, serumu itaisha na hutajua."

Basi nikawa mtu wa macho wazi.
Nikaona ambayo mahubiri hayayataji:
beseni lenye ufa uliozibwa kwa sabuni,
kijana wa machimbo anayelilia buti lake, si mguu,
shangazi aliyelala chini ya kitanda cha mgonjwa
amekumbatia sufuria isije ikaibwa,
umeme ukikatika katikati ya mshono
na simu nne zikiinuka pamoja kama mishumaa ya Pasaka
(yangu ilikuwa na asilimia sita).

Sina dawa. Nina cherehani.
Waliponiuliza najua nini, nilisema: pindo.
Wakanipa mashuka. Arobaini na moja,
yamechoka katikati, pale binadamu anapolaza uzito wake.
Niliyapasua, nikaleta kando katikati,
katikati nikaipeleka kando,
nikayaunga kwa uzi wa bluu,
kwa kuwa mweupe ulikuwa umeisha sokoni.

Kitanda cha tisa, Ndamuso.
Alizalishwa kwa kisu, akapona.
Mshono umekauka, mtoto ananyonya mpaka anakoroma.
Daktari aliandika: aende nyumbani.
Dirisha la malipo likaandika: asiende.
Siku ya ishirini na tatu alikuwa anafagia wodi
asionekane mtu wa kula bure.

Deni lake nililijua. Lilikuwa bei ya cherehani yangu,
karibu kabisa, kana kwamba kuna mtu alikaa akapiga hesabu.
Usiku ule niliitazama pale pembeni chini ya kitambaa chake.
Nikaifuta vumbi. Nikaitia mafuta.
Sikuiuza.
Msiniulize. Nina watoto wanne na kodi ya Januari.
Jumapili nilisimama wakati wa matangazo, nikasema;
mzee wa kanisa akajibu kwamba sadaka ya mwezi huu ni ya spika,
mwezi ujao tutaona.
Watu wakasema amina. Hata mimi. Mdomo umezoea.

Alhamisi iliyofuata, kabla jua halijatoka,
nilikuwa naanika nyuma ya wodi,
pale ukuta ulipomong'onyoka kwa mvua za Aprili
na hakuna aliyeujenga tena.
Mwanamke akapita, mtoto mgongoni,
amembeba kwa shuka lenye mshono wa bluu katikati.
Akasimama. Akanitazama.
Nilikuwa na vibanio viwili mdomoni, siwezi kutamka neno,
nikamshukuru Mungu kwa vibanio.

Saa mbili akaja mlinzi Bisimwa na daftari lake.
"Mama Asifiwe, wewe ulikuwa huku nyuma. Ulimwona mtu?"
"Nilikuwa naomba," nikamwambia.
"Unajua sisi tunavyoomba."
Akatazama ukuta. Akatazama kamba,
akahesabu mashuka, akafika arobaini, akaanza upya.
Kisha akaandika kitu, polepole, sijui nini,
akaenda zake.

Haukuwa uongo.
Kwa mara ya kwanza tangu nipande kilima kile
nilikuwa nimefumba macho.