Kilo Ishirini na Tatu

Weka sanduku hapa, Kageha,
juu ya mizani ya magunia.
Subiri, nifute unga kwanza.
Mshale unaruka hadi ishirini na nane,
unatikisika, unarudi nyuma nusu,
unatulia kama mtu aliyekwisha kuamua.

Wenye ndege wanataka ishirini na tatu.
Na mizani haibembelezwi, wewe wajua.
Miaka kumi na mmoja nanunua mahindi ya Chavakali juu yake;
waliolia walilia, mshale haukusogea.
Ile ya uwanja wa ndege ni dada yake huyu.

Basi tupunguze.

Toa blanketi la nyanya yako. Najua. Litoe.
Lung'afa aliandika kwamba huko Lublin
vyumba vina mabomba ya moto ukutani;
baridi hukungoja mlangoni, si kitandani.
Viatu vizito utavivaa, hatuvipakii.
Lile koti la mtumba la Kibuye, livae pia.
Utatoka jasho Kisumu, watu watakutazama,
waache watazame. Mwili haupimwi.

Toa sufuria. Wazungu nao hupika.
Mrenda mkavu ubaki, uufunge mara mbili.
Omena hapana. Omena atafika kabla yako
na kukutangaza.
Unga wa wimbi nilikusagia kilo mbili:
acha moja.

Sasa karatasi.
Hizi hazipandi mizanini, na ndizo nzito.
Pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo,
barua ya chuo, barua ya bweni, risiti ya karo:
usizitie sandukuni, sanduku hupotea.
Zikae kifuani, hata ukienda msalani.
Nakala ziko kwenye simu yako,
na nyingine kwangu, ndani ya kopo la madeni.

Cheti cha kuzaliwa kilisema Kageha,
cheti cha shule kikasema Kagea.
Herufi moja, nyepesi kuliko pumba,
ikatupeleka Mbale mara tatu, Nairobi mara moja,
kwa wakili, kwa kiapo, kwa muhuri na mhuri wa muhuri,
mpaka yule mbuzi mweusi akaenda.
Karani akaniuliza, "Mama, hii H ni kitu gani hasa?"
Nikamwambia ni pumzi.
Ukiitoa, mtoto wangu hapumui.

Pesa ya chakula ni ya miezi mitatu.
Ni ya chama cha Jumanne, ni deni, si zawadi.
Atakayekuita dada siku ya kwanza
na kukukopa siku ya pili,
mwambie shangazi yako ni mkali.
Kodi kwanza. Kisha tiketi ya basi ya mwezi.
Nywele baadaye, hata ukitisha.

Haya, rudisha sanduku juu.

Ishirini na mbili na robo tatu.
Unacheka. Unataka kurudisha blanketi la robo.

Usirudishe kitu.
Funga mlango, Kageha. Sogea.
Unaiona skrubu hii hapa nyuma, iliyong'aa kwa kidole?
Niliikaza mwaka ulioingia kidato cha kwanza.
Mizani hii hupunja nusu kilo.
Gunia la mama Vugutsa, nusu.
Gunia la mjane wa pale kisimani, nusu.
Gunia la mwalimu wako wa hesabu, naye hakuhesabu.
Nusu kwa nusu, ikawa karo,
ikawa sare, ikawa ile H.

Hakuna anayejua. Sasa wajua wewe,
kwa sababu mizani ya huko itasema kweli
mbele ya foleni nzima
na mimi sitakuwepo.

Kwa hiyo bado umezidi.
Toa ule unga uliobaki.
Nao ulipitia hapa.