Vuta, Usipulize

Saa moja asubuhi, kabla ya chai,
Radka ananiwekea kifaa mapajani:
vyumba vitatu vya plastiki, mipira mitatu ya buluu,
na mrija.
"Vuta, Bwana Kubát. Usipulize."

Mimi, miaka thelathini na tisa mbele ya tanuri, Nový Bor,
niliyepuliza taa za kanisa, glasi za harusi
nyembamba hata ukizitazama zinaogopa.
Nani aliwahi kuniambia vuta?
Kwenye bomba la chuma, avutaye huungua koo.

Sasa nimebanwa pini toka chembe cha moyo hadi chini ya kitovu,
ishirini na sita, nimezihesabu kwa kidole,
na kila pumzi ikifika hapo
inabisha hodi, inarudi.

Mpira wa kwanza unatikisika. Unakaa.
Wa pili hanijui mtu huyu.
Wa tatu siutaji.

"Pumzika," alisema Květa jana akinifunika miguu.
"Pumzika," alisema padri, akala ndizi yangu.
Radka halipendi neno hilo.
Anasema mapafu yaliyolala chali hujikunja
kama karatasi iliyolowa, na homa hutafuta pa kupanga.
"Pumzi kwanza. Kupumzika kumezaliwa humo."

Ananipa mto, niukandamize tumboni.
"Kohoa."
Nakohoa. Mungu anisamehe nililotamka.

Mara kumi kila saa. Anaandika kwa penseli,
na mimi, mara nyingine, namdanganya: nane naziita kumi.

Usiku wodi imezimwa. Jirani anakoroma bure,
pumzi zote zile, hazimgharimu kitu.
Napapasa kifaa gizani.
Nikakumbuka: nilisema uongo.
Nikiwa na miaka kumi na minne, mzee Havránek
alinishikisha ncha ya kioo kinachowaka
nitembee kinyumenyume ukumbi mzima,
kirefuke kiwe uzi.
"Vuta, kijana. Ukikimbia kitakatika,
ukizubaa kitaganda mkononi."

Basi narudi kinyumenyume, kitandani, bila miguu.
Polepole. Mshono unalalamika, naupita.
Wa kwanza umepanda.
Wa pili, nausikia ukigonga dari yake, tik,
nashikilia, moja, mbili,

ta