Kisu cha Elfu Saba

Kile cha zamani kilizama Chumbageni.
Nilikuwa juu ya bati la Mama Mwanakombo,
dishi mkononi, waya menoni,
kikateleza, kikagonga mfereji, kikaingia tangini,
na tangi lile ndilo maji ya nyumba nzima.
Sikumwambia. Nikasema moyoni: kimeoga, kipumzike.
Mpini wake ulikwisha fungwa gundi mara tatu.

Leo nina elfu kumi, na ndani ya elfu kumi
mna nauli, mna mkate wa mofa,
mna deni la vocha kwa Zubeda wa kona.
Kwa hiyo nina elfu saba.
Nazo nazunguka Ngamiani, barabara hadi barabara,
mpaka kwenye meza ya Singano
iliyotandikwa nailoni, visu vimelala kama dagaa.

"Karibu, mama fundi. Hiki kina tai."
Kweli, tai ubavuni, mabawa wazi,
na tochi kitakoni, na kizibuo, na msumeno
wa kukatia sijui mti gani.
Nikakitikisa. Bapa likacheza ndani ya mpini
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nikakirudisha. Tai hajui kuchuna waya.

Cha pili cheusi, kizito, cha kutisha.
Kingenivuta suruali mpaka Makorora.
Nikitoe sebuleni kwa watu, watoto wakimbie,
niulizwe nimekuja kufunga dishi au kufanya nini.
Kisu cha kazi hakihitaji kukunja uso.

Cha tatu kilifyatuka kwa springi, chaa!
Singano anacheka; mimi natazama kidole chake cha shahada,
kovu jeupe limepinda kama mwezi wa siku mbili.
"Ndicho hiki kilichokufanya?"
Akanyamaza. Akakisukuma chini ya meza.
Hapo ndipo biashara yetu ilipoanza.

"Usitazame makali," akasema,
sasa kwa sauti ya nyumbani, si ya sokoni,
"makali utayapata kwa jiwe.
Tazama komeo. Kisu kisichojua kujifunga
kinakungoja siku umechoka."

Akafukua chini ya betri za redio,
akatoa kimoja cha mti, mwembe au mkorosho, hajui,
chenye pete ya bati shingoni. Ukiizungusha
bapa linakaa, haliendi, halirudi.
Hakina jina. Hakina nchi.
Kina doa la kutu, dogo, punje ya ufuta.

Nikakijaribu kwa mkono mmoja,
maana wa pili siku zote uko kwenye ngazi.
Kikagoma kidogo, kikakubali.
Kwenye karatasi ya risiti kikatafuna.
Kwenye kamba ya katani iliyofunga mzigo wake
kikasita, kikasaga, kikapita.

"Elfu tisa."
"Kina kutu."
"Nane, na jiwe juu."
"Sita na jiwe, na kovu lako simwambii mtu."
Akacheka tena, safari hii kwa tumbo.
Saba.

Hakunipa mkononi. Alikiweka mezani, nikakiokota,
kama shangazi Mwantumu alivyotufunza jikoni:
kisu hakipokezanwi, kitakata msichokiona.

Tangu Jumatatu kimechuna waya wa nyumba nne.
Kimemenya chungwa la Muheza, ganda moja refu
bila kukatika, nikajisifu peke yangu juu ya bati.
Kimekata uzi uliokuwa ukining'inia
kwenye kola ya Salehe, getini, kengele inalia.
Kutu ile ipo. Usiku naipaka mafuta ya nazi,
na mwanangu ananiuliza kinaumwa nini.

Jana nikapita Chumbageni.
Mama Mwanakombo analalamika:
maji ya tangi lake siku hizi yana ladha ya chuma.
Nikasema labda ni mabomba ya mjini,
nikashika mfuko.